MADA YA 9: Kutafuta Hitilafu katika Ugawaji Upya wa Njia

Katika Mada ya 8 ulijifunza RIP, OSPF na EIGRP, kila itifaki ikifanya kazi peke yake. Kwenye mitandao halisi mambo hayakai hivyo. Taasisi moja hununua vifaa kwa miaka tofauti, mafundi hubadilika, ofisi mbili huunganishwa, na mwishowe unakuta RIP upande mmoja wa jengo na OSPF upande wa pili. Ruta inayosimama katikati hupewa kazi ya kuchukua njia zilizojulikana kwa itifaki moja na kuzitangaza kwa itifaki nyingine. Kazi hiyo ndiyo inayoitwa ugawaji upya wa njia. Katika mada hii tutasema pia "kuvusha njia", kwa sababu ndicho kinachofanyika hasa.

Kuandika amri ya kuvusha njia ni rahisi. Kinachowashinda watahiniwa wengi ni swali linalosema: "Amri imeandikwa, lakini kompyuta ya wodini haiwasiliani na seva ya maabara. Eleza hatua utakazochukua." Mada yote hii ni maandalizi ya swali hilo. Amri zilizotumika ni za ruta za Cisco.

Mtandao tutakaoutumia

Chukua daftari uchore. Hospitali moja ina jengo la zamani linalotumia RIP toleo la 2, na jengo jipya linalotumia OSPF. Seva ya maabara iko jengo la zamani, kwenye mtandao 172.16.10.0/24, nyuma ya ruta D. Ruta D imeunganishwa na ruta C. Ruta C imeunganishwa na ruta M1, ambayo ndiyo ruta ya mpakani. Upande wa pili wa M1 kuna ruta E ya jengo jipya, na kompyuta za wodi ziko nyuma ya E kwenye mtandao 10.5.1.0/24. Ruta zote za RIP zimepewa amri ya no auto-summary.

Kwa hiyo mstari wako unasomeka hivi: maabara, D, C, M1, E, wodi. Baadaye tutaongeza ruta ya pili ya mpakani, M2, iliyounganishwa na C pamoja na E. Acha nafasi kwenye mchoro.

Muuguzi wa wodini anafungua majibu ya damu ya mgonjwa na ukurasa haufunguki. Fundi aliyeitwa ni wewe.

Nini hupotea mpakani

Kabla ya kugusa amri yoyote, elewa jambo moja, maana karibu hitilafu zote za mada hii zinatokana nalo. RIP hupima njia kwa kuhesabu miruko, yaani idadi ya ruta za kupitia. 15 ndio mwisho, na 16 maana yake njia haifikiki. OSPF hupima kwa gharama inayotokana na kasi ya kiungo. EIGRP hutumia kasi ya kiungo na ucheleweshaji. Hakuna njia ya kugeuza miruko 4 kuwa gharama ya OSPF, kama vile huwezi kuuliza kilo nne ni saa ngapi. Hivyo njia inapovuka, kipimo chake cha zamani hutupwa na kipya huandikwa. Hicho kipya huitwa kipimo cha kuanzia.

Lakini si kipimo tu kinachopotea. Hupotea pia historia ya njia. Itifaki inayopokea haijui kwamba njia hii ilianzia mbali, wala haijui ilipita wapi. Kwa macho yake, njia imezaliwa pale mpakani.

Madhara ya kupoteza historia yalionekana duniani tarehe 25 Aprili 1997. Mtandao mmoja wa Marekani wenye namba AS 7007 ulianza kutangaza sehemu kubwa ya njia za intaneti kana kwamba zote zilianzia kwake. Orodha ya mitandao ambayo njia hizo zilikuwa zimepitia ilikuwa imepotea, na njia zenyewe zilikuwa zimekatwakatwa kuwa vipande vya /24. Kwa kuwa ruta hupendelea kipande chenye barakoa ndefu zaidi, ruta nyingi ziliyaamini matangazo hayo na kupeleka data mahali pasipostahili. Itifaki iliyohusika ilikuwa BGP, ambayo haimo katika mada hii, lakini kanuni ni ileile: njia isiyo na historia huaminiwa kupita kiasi.

Hatua ya kwanza: anzia mpakani

Watahiniwa wengi huanzia wodini, kwenye kompyuta ya mlalamikaji. Anza na M1. Ruta haiwezi kuvusha njia isiyokuwa nayo kwenye jedwali lake la njia. Andika show ip route ukiwa M1 na utafute 172.16.10.0/24. Unatarajia mstari unaoanza na herufi R, ukiwa na [120/2]. Namba 120 ni namba ya uaminifu ya RIP, na 2 ni miruko.

Ikiwa mstari haupo, acha kabisa habari za kuvusha njia. Hitilafu iko ndani ya RIP yenyewe, kati ya M1, C na D: kebo, kiolesura kilichozimwa, au matoleo mawili ya RIP yasiyoelewana.

Sasa angalia mtego ambao watahini wanaupenda. Unaweza kuikuta njia ipo kwenye jedwali lakini ikianza na S badala ya R. Hiyo ni njia ya kudumu, iliyoandikwa kwa mkono. Labda fundi wa zamu aliiweka usiku mmoja ili mambo yaende, kisha ikasahaulika. Njia ya kudumu ina namba ya uaminifu 1, RIP ina 120, na namba ndogo ndiyo inayoshinda. Kwa hiyo njia ya RIP haingii kwenye jedwali, na amri ya redistribute rip haina cha kuvusha kwa mtandao huo. M1 yenyewe inaifikia maabara bila shida, wodi haiifikii. Mtu asiyejua jambo hili anaweza kukesha.

Hapa jikumbushe namba za uaminifu, kwa kuwa tutazihitaji tena: mtandao uliounganishwa moja kwa moja ni 0, njia ya kudumu 1, EIGRP ya ndani 90, OSPF 110, RIP 120, EIGRP ya nje 170. Usichanganye namba ya uaminifu na kipimo. Kipimo hulinganisha njia mbili za itifaki moja. Namba ya uaminifu hulinganisha itifaki mbili zinazotangaza mtandao uleule.

Hatua ya pili: je, njia imevuka?

M1 ina njia ya R kama inavyotakiwa. Nenda E uandike show ip route. Unatarajia mstari wa O E2 172.16.10.0/24 wenye [110/20]. E2 inaonyesha kuwa njia imetoka nje ya OSPF. Namba 20 ni kipimo cha kuanzia ambacho OSPF hujiwekea yenyewe usipoitajia kingine, na kwa aina ya E2 hubaki 20 hata ruta ya mbali kiasi gani iiangalie. Ukitaka gharama iongezeke kadiri njia inavyosafiri, unachagua aina ya E1.

Kama mstari huo haupo, soma amri iliyoandikwa M1 chini ya router ospf 1. Kwenye programu za zamani za ruta za Cisco, amri ya redistribute rip peke yake huvusha mitandao mizima ya madaraja A, B na C tu. Mtandao wetu 172.16.10.0/24 ni kipande cha mtandao wa daraja B, hivyo huachwa nje. Ruta huonya wakati ule ule unapoandika amri, lakini onyo ni mstari mmoja na wengi hawausomi. Dawa ni kuongeza neno subnets mwishoni. Programu mpya huliweka neno hilo zenyewe. Hata hivyo katika mtihani liandike kila mara, halina hasara.

Sababu nyingine ni kichujio kilichowekwa kwa makusudi. Amri ya show ip protocols itakuonyesha kama kipo.

Hatua ya tatu: njia ya kurudi

Tuseme E inaiona maabara vizuri. Muuguzi anajaribu tena, na ukurasa bado haufunguki. Ping kutoka wodini haijibiwi. Hapa mtahiniwa hukata tamaa na kuandika kuwa "seva imeharibika".

Ping ni barua inayohitaji jibu. Barua imefika maabara, kwa sababu kila ruta njiani inajua 172.16.10.0/24 iko wapi. Jibu linaandikwa kwenda 10.5.1.0/24. Je, C na D zinaujua mtandao huo? Ingia C uangalie jedwali. Huukuti.

Rudi M1, soma chini ya router rip. Utaona redistribute ospf 1 bila kipimo. Tofauti na OSPF, RIP haijiwekei kipimo cha kuanzia kwa njia zitokazo itifaki nyingine. Usipotaja kipimo, njia huhesabiwa kuwa haifikiki na haitangazwi. Hakuna onyo, hakuna ujumbe wa kosa. EIGRP ina tabia hiyohiyo, na yenyewe hudai namba tano: kasi ya kiungo, ucheleweshaji, uthabiti, mzigo na ukubwa wa pakiti, kwa mfano metric 10000 100 255 1 1500.

Kwetu amri sahihi ni redistribute ospf 1 metric 3. Baada ya hapo C itaonyesha R 10.5.1.0/24 [120/3], D itaonyesha [120/4], na muuguzi atapata majibu yake.

Kwa nini 3 na si 1 au 12? Ukiweka namba kubwa, unaila ile bajeti ya miruko 15, na ruta za ndani kabisa zitaikosa njia. Ukiweka ndogo sana, njia iliyovushwa itaonekana fupi kuliko ilivyo kweli. Jambo hili la pili linaonekana dogo. Fuatilia.

Milango miwili

Uongozi wa hospitali unaamua kwamba haifai jengo zima kutegemea M1 pekee, na hilo ni sahihi. M2 inaongezwa. Inaunganishwa na C na E, na fundi ananakili amri zote za M1 bila kubadilisha kitu. Kila kitu kinafanya kazi. Ongeza M2 kwenye mchoro.

Angalia kinachotokea ndani ya M2. Inasikia habari za 172.16.10.0/24 mara mbili: kutoka C kwa RIP, na kutoka E kwa OSPF, kwa sababu M1 imekwishaivusha. RIP ni 120, OSPF ni 110. M2 inachagua OSPF. Sasa data inayotoka M2 kwenda maabara, badala ya kushuka moja kwa moja kwa C, inakwenda E, kisha M1, kisha C. Ni safari ndefu bila sababu, lakini inafika, na hakuna anayelalamika.

Kuna zaidi. M2 imeambiwa ivushe njia za OSPF kuziingiza RIP. Njia ya maabara kwenye jedwali lake sasa ni ya OSPF. Kwa hiyo M2 inaichukua njia iliyotoka RIP, inairudisha RIP, na kuitangaza kwa C ikiwa na miruko 3. C haidanganyiki, kwa sababu inaijua maabara kupitia D kwa mruko 1, na 1 ni ndogo kuliko 3.

Miezi inapita. Maabara inahamishiwa jengo la nyuma. Nyuma ya D zinaongezwa ruta tatu, F, G na H, na mtandao wa maabara sasa uko nyuma ya H. Hakuna aliyegusa M1 wala M2. C inapokea tangazo la D: maabara iko miruko 4. Na lile tangazo la M2 bado lipo: miruko 3.

C inachagua M2.

Fuata sasa pakiti ya wodini kwa kidole kwenye mchoro wako. Kutoka E inakwenda M1. M1 inaipeleka C. C inaipeleka M2. M2, inayoamini OSPF, inaipeleka E. E inaipeleka M1. Hiki ndicho kitanzi. Pakiti itazunguka mpaka namba yake ya uhai, ambayo kila ruta huipunguza kwa 1, ifike sifuri, kisha itatupwa.

Kitanzi hiki kinajilisha chenyewe. M1 inaendelea kusikia maabara kwa RIP kutoka C, ikiwa na miruko 4, hivyo inaendelea kuivusha kwenda OSPF. M2 inaisikia kwa OSPF na kuirudisha RIP. Hata ukizima seva ya maabara na kung'oa ruta H, jedwali la C litaendelea kuonyesha njia ya kwenda kwenye mtandao ambao haupo tena. Ndiyo maana katika hitilafu hii majedwali yote "yanaonekana sawa". Kila ruta ina njia, kila njia ina jirani aliye hai.

Kinachoumbua kitanzi ni traceroute. Kutoka wodini utaona E, M1, C, M2, kisha E tena, M1 tena, C tena. Anwani zikijirudia kwa mpangilio uleule, umekipata. Dalili ya pili ni ndani ya C: njia ya kwenda maabara inaelekea M2, yaani mpakani, wakati maabara iko ndani.

Dawa

Wapo watakaokuambia uongeze kipimo cha kuanzia kutoka 3 hadi 10. Kitanzi kitaondoka leo. Lakini chanzo kimebaki, M2 bado inarudisha RIP kilicho cha RIP, na unategemea kwamba hakuna atakayeongeza ruta nyingine. Katika mtihani jibu hilo pekee hupata alama chache.

Dawa yenyewe ni kuirudishia njia historia iliyopoteza. Kila njia inapovuka, ibandike tagi, namba inayosema imetoka wapi. Kisha kila mlango ukatae kurudisha njia yenye tagi ya upande inakotaka kurudi. Njia za nje za OSPF hubeba tagi, na RIP toleo la 2 pia. RIP toleo la 1 haibebi. Amri hizi ziandikwe M1 na M2:

route-map KUTOKA-RIP deny 10
 match tag 110
route-map KUTOKA-RIP permit 20
 set tag 120
route-map KUTOKA-OSPF deny 10
 match tag 120
route-map KUTOKA-OSPF permit 20
 set tag 110
router ospf 1
 redistribute rip subnets route-map KUTOKA-RIP
 distance ospf external 130
router rip
 redistribute ospf 1 metric 3 route-map KUTOKA-OSPF

Soma kwa sauti: njia inayotoka RIP, kama ina tagi 110, ikatae, maana ilitoka OSPF, vinginevyo ipitishe na uibandike 120. Upande wa pili ni vivyo hivyo. Namba 120 na 110 hapa ni tagi tu. Tumezichagua kwa kuwa zinakumbukwa kirahisi. Ungeweza kutumia 7 na 8.

Mistari ya permit 20 husahaulika mno. Ramani ya njia isiyo na mstari wa kuruhusu hukataa kila kitu kilichobaki, na hapo utakuwa umekata mawasiliano yote badala ya kukata kitanzi.

Mstari wa distance ospf external 130 unaondoa ile safari ndefu ya M2. Njia za nje za OSPF sasa zina namba 130 ndani ya M1 na M2, kubwa kuliko 120 ya RIP, hivyo M2 itaifuata maabara moja kwa moja kupitia C. Njia za ndani za OSPF, kama ile ya wodi, zinabaki 110 na hazijaguswa. Waliobuni EIGRP waliliona tatizo hili mapema, ndiyo maana njia zake za ndani zina 90 na za nje 170. Lakini usidhani EIGRP ni salama daima: njia iliyoingia EIGRP ikiwa ya nje tayari, kisha ikavushwa kwenda OSPF, itashindana 170 kwa 110 kwenye mpaka wa pili, na hadithi inaanza upya.

Baada ya marekebisho, usitosheke na ping moja kufanikiwa. Angalia jedwali la C: maabara iwe [120/4] kupitia D. Angalia M2: maabara iwe R. Fanya traceroute kutoka wodini. Kisha zima kiolesura kimoja cha M1 kwa muda, wakati ambapo hakuna mgonjwa anayesubiri, uone kama M2 inabeba kazi.

Maswali ya kujipima

1. Ruta ya mpakani inaifikia seva kwa ping, lakini ruta za OSPF haziioni kabisa njia yake ingawa redistribute rip subnets imeandikwa. Kwenye jedwali la ruta ya mpakani, njia inaanza na S. Eleza chanzo na utaje marekebisho mawili yanayowezekana. (alama 6)

Jibu: Njia ya kudumu (1) imeizuia njia ya RIP (120) isiingie kwenye jedwali, na redistribute rip huvusha njia za RIP zilizo kwenye jedwali tu (alama 4). Futa njia ya kudumu, au ongeza redistribute static subnets chini ya OSPF (alama 2). La kwanza ni bora kama RIP inafanya kazi.

2. Kwa nini traceroute inafaa kuliko ping katika kutambua kitanzi? (alama 3)

Jibu: Ping husema tu kwamba jibu halikuja, na sababu za hilo ni nyingi. Traceroute huonyesha ruta moja moja, na kujirudia kwa anwani zilezile kwa mpangilio uleule ni ushahidi wa kitanzi.

3. Katika mtandao wa hospitali, baada ya maabara kuhamia nyuma ya H, fundi ameandika redistribute ospf 1 metric 14 kwenye M1 na M2. Hakuna kitanzi. Wodi inaiona njia ya maabara, lakini haipati majibu. Onyesha kwa hesabu ni ruta ipi ya kwanza kuikosa njia ya kwenda wodi. (alama 5)

Jibu: C inaipokea njia ya 10.5.1.0/24 ikiwa na 14. C inaitangaza kwa D ikiwa 15, nayo D inaikubali. D inaitangaza kwa F ikiwa 16, ambayo kwa RIP ni haifikiki. Ruta ya kwanza kuikosa ni F, na kwa hiyo G na H pia. Pakiti za wodi zinafika maabara, lakini H haina pa kuyapeleka majibu.